Aliyeshika Pedi ya Pili

Kuna gemu moja ya Kijapani ambayo maadui zake wanaongea Kiswahili. Si utani. Resident Evil 5, iliyotolewa na Capcom Machi 2009, inamleta askari wa Kimarekani aitwaye Chris Redfield kwenye mji wa kubuni wa Kijuju, huko Afrika Magharibi, apambane na wenyeji walioambukizwa vimelea. Wenyeji hao wanaitwa Majini, na wakikukimbiza na mashoka wanakupigia kelele kwa lugha hii hii unayoisoma. Kwa nini watu wa Afrika Magharibi waongee Kiswahili, Capcom ndio wanajua. Sisi Magomeni tulicheka mpaka machozi, maana ni mara chache mtu akuletee zombi halafu umuelewe.

Lakini leo sitaki kuzungumzia Majini. Nataka kumzungumzia Sheva Alomar.

Sheva ndiye mwenza wa Chris. Ni Mwafrika, mpiganaji wa tawi la Afrika Magharibi la kikosi cha kimataifa kinachopambana na silaha za kibaolojia. Anajua bunduki, anajua kisu, na pakiwa na ghorofa ya kurukia ni yeye anayerushwa kwenda huko, kwa sababu Chris na ile mikono yake iliyovimba hawezi kurushwa na mtu. Gemu inaruhusu watu wawili kucheza kwenye televisheni moja, na hapo ndipo sheria ya nyumba yetu ilipoingia: pedi ya kwanza ya kuchezea gemu ni ya kaka, ya pili ni ya yeyote aliyepo. Pedi ya kwanza ni Chris, ya pili ni Sheva. Pedi ya pili ilikuwa na kasoro, kile kijiti chake cha kushoto kilikuwa kinavuta chenyewe, kwa hiyo Sheva wangu akiachwa tu anaanza kuelekea ukutani taratibu huku Majini wakimsogelea.

Kaka akicheza peke yake, Sheva anaendeshwa na gemu yenyewe, na huyo Sheva wa kompyuta alichukiwa dunia nzima. Unampa risasi, anazimaliza zote kwa adui mmoja aliyekwisha kuanguka. Una majani ya dawa umeyatunza kwa ajili ya bosi, yule adui mkubwa, anayatumia kwenye mkwaruzo. Wavulana waliojazana kwenye mkeka sebuleni walikuwa wanapiga kelele, "Mwanamke mzigo huyu!" Aliyeziandika zile amri ni mwajiriwa fulani wa kampuni iliyoko Osaka, na sikumsikia hata mmoja akimtukana huyo.

Ukiimaliza gemu, zawadi zinaanza kufunguka. Chris anapata mavazi ya safari. Ukikusanya nembo zilizofichwa huku na kule, anapata na sare yake ya zamani ya polisi, ile ya enzi za gemu ya kwanza. Hiyo ni historia yake, ni heshima. Sheva naye ana zake. Ya kwanza ni nguo ya kwendea klabu. Ya pili, ambayo ndiyo inayotaka uvumilivu wa kuzitafuta nembo, ni bikini ya madoadoa ya chui, na Capcom wameliita vazi hilo "Tribal", la kikabila. Kabila lipi hawakusema. Mimi baba yangu Mzaramo, mama yangu Mnyamwezi, na jirani zetu wa ukuta kwa ukuta walikuwa Wamakonde. Sijawahi kumwona bibi wa mtu akitoka hivyo.

Nguo kupungua kadiri unavyocheza vizuri si uvumbuzi wa Capcom. Mwaka 1986 Nintendo walitoa Metroid. Mhusika wake, Samus Aran, amevaa deraya kutoka utosini hadi kwenye nyayo, na kitabu cha maelekezo cha Kiingereza kilimtaja kama mwanamume. Unapigana naye sayari nzima ukiamini ni jamaa. Ukimaliza kwa muda mfupi, mwishoni kofia inavuliwa na unaona nywele ndefu. Ukimaliza kwa kasi zaidi, deraya lote linaondoka. Ukiwa bingwa kabisa, unamkuta amesimama na bikini. Watu wanaisifu Metroid kuwa ilituletea mmoja wa mashujaa wa kwanza wa kike kwenye gemu za vitendo, na sipingi, Samus ni shujaa kweli. Ila angalia alivyotambulishwa. Ukweli wa kwanza tulioambiwa kuhusu jinsia yake ulikuwa ni zawadi ya mtu aliyemaliza haraka.

Peach wa Super Mario Bros. wote mnamjua, hata kama mlimjulia kwenye zile kaseti za "gemu 999999" ambazo kwa kweli zilikuwa na gemu chache zinazojirudia. Mwaka 1985 tunavamia ngome, tunamwangusha joka, halafu uyoga fulani anatuambia asanteni lakini binti mfalme yuko ngome nyingine. Kabla yake, mwaka 1981, alikuwepo mwanamke wa gemu ya Donkey Kong, amesimama juu kabisa ya vyuma akipunga mikono. Mwanzoni hata jina hakuwa nalo, aliitwa "Lady" tu. Peach alisubiri hadi mwaka 2005 kupewa gemu ya mkononi yenye jina lake, yeye ndiye wa kumwokoa Mario. Nguvu zake za kivita? Hisia. Akikasirika anawaka moto, akihuzunika analia, na machozi yake yanamwagilia mimea. Nilipoiona mara ya kwanza nilimwita mama aje aone, akasema, "Basi hiyo gemu imetungwa na mume wa mtu."

Ukizipanga hizi zote unaona mwanamke amewekwa mwisho wa gemu kama kikombe kinachosubiri mezani uwanjani wakati watu wanacheza. Kikombe ni kizuri, kinang'arishwa, kila mtu anakitaka. Ninachoamini mimi, na ndiyo sababu ya kuandika yote haya, ni kwamba jinsi tunavyochorwa na jinsi tunavyotendewa tukishika pedi si mambo mawili. Mtu aliyekulia miaka 20 akipewa kikombe kila akishinda, siku kikombe kinapoinuka na kuomba namba kwenye timu hawezi kufurahi.

Nijibu kwanza hoja ya wale wanaosema gemu tangu mwanzo ni za wanaume, sisi tumekuja kuvamia. Pac-Man, iliyotoka Japani mwaka 1980, Toru Iwatani aliibuni akiwafikiria wanawake. Kumbi za gemu wakati huo zilikuwa za wanaume na vita vya angani, akataka kitu ambacho wasichana na wapenzi wanaotoka pamoja wangekipenda, akachagua kula. Centipede ya Atari, ya 1981, iliandikwa na Dona Bailey akishirikiana na Ed Logg. River Raid, ile ndege inayopita juu ya mto huku mafuta yakiisha, ni kazi ya Carol Shaw, 1982. Roberta Williams na mumewe walikuwa wameshaanza kuuza Mystery House mwaka 1980, na inatajwa hadi leo kama gemu ya kwanza ya hadithi kwenye kompyuta iliyokuwa na picha. Kisha soko la gemu Amerika Kaskazini likaanguka mwaka 1983, na Nintendo walipoingia na mashine yao mwaka 1985 waliiuza kama kichezeo cha watoto, pamoja na roboti wake, ili wenye maduka wasiikimbie. Maduka ya vichezeo yana rafu ya wavulana na rafu ya wasichana. Unajua ilikwenda rafu gani.

Kwa hiyo hakuna aliyevamia. Watu walikuwa ndani, mlango ukafungwa, na leo wakigonga wanaulizwa wametokea wapi.

Na hata sasa namba zinahesabiwa kwa ujanja. Takwimu za Marekani za miaka ya karibuni zinaonyesha wanawake ni karibu nusu ya wanaocheza gemu. Ukizitaja mbele ya wavulana wanakuambia hizo ni Candy Crush za kwenye simu, hiyo siyo gemu. Mama wa makamo kwenye mwendokasi, kutoka Kimara mpaka Kivukoni hainui macho, amekwama hatua ya elfu mbili na kitu na hajatoa hata senti, huyo kwao hachezi. Kijana aliyefungwa manne kwa sifuri kwenye banda la gemu, huyo ndiye mchezaji.

Mimi nacheza Call of Duty ya simu. Jina langu la humo halina jinsia na maiki naizima. Dada yeyote anayecheza anaijua sababu. Ukifungua mdomo, kabla hujamaliza kusema adui yuko ghorofani, umeshaulizwa uko wapi, una miaka mingapi, una mtu. Ukinyamaza, unaambiwa urudi jikoni. Ukiwapiga, unaambiwa simu kashika kaka yako. Kikosi kizima kinaacha vita vyake kinaanza kukujadili wewe, halafu mkishindwa, umewaponza.

Watafiti wawili wa Marekani walilipima jambo hili wakitumia Halo 3, gemu ya vita inayochezwa mtandaoni. Waliingia kwenye mechi na sauti zilizorekodiwa kabla, mara ya kike, mara ya kiume, mara kimya, maneno yale yale. Sauti ya kike ilipata maneno mabaya mara tatu zaidi ya nyingine. Hilo halikunishangaza. Kilichonifurahisha ni utafiti uliofuata, wa mwaka 2015, ambapo mmoja wao na mwenzake mwingine walirudi kuangalia ni nani hasa anayetukana. Walikuta wanaume waliokuwa wanacheza vibaya ndio waliokuwa wakali kwa sauti ya kike, na walewale kwa sauti ya kiume walikuwa wapole, wananyenyekea kabisa. Wenye uwezo hawakuwa na shida naye. Mwenye njaa ya ushindi hana ugomvi na bingwa wa kiume, anajua ni mkubwa wake. Ugomvi wake ni na yule aliyeambiwa tangu utotoni kwamba lazima awe chini yake.

Ila kuna wakati hata wenye uwezo wanaingia mkumbo huo, na hapa nataka nikae kidogo na binti wa Korea Kusini anayeitwa Kim Se-yeon, jina la gemu Geguri. Mwaka 2016 alikuwa na miaka 17, anacheza Overwatch, gemu ya timu za kupigana risasi mtandaoni, na mhusika wake mkuu alikuwa Zarya, mnyanyua vyuma wa Kirusi mwenye mtutu wa miale. Alikuwa anashinda mechi kwa kiwango cha kutisha na shabaha yake ilikuwa haipepesuki. Wachezaji wa timu pinzani wakasema haiwezekani, huyu anatumia programu ya kulengea. Wawili wakaweka rehani ajira zao: akionekana hana hatia, wataacha kucheza. Wenye gemu, Blizzard, wakachunguza, wakasema binti ni safi. Haikutosha. Ikabidi aingie studio, kamera moja imuonyeshe kwenye skrini na nyingine imulike mikono yake, acheze huku watu wakitazama moja kwa moja.

Akacheza. Shabaha ikawa ile ile. Wale waliojifunga wakaondoka kama walivyoahidi.

Ninayo video ile nimeitazama mara nyingi, na jicho langu huwa haliendi kwenye skrini ya gemu, linakwenda kwenye mkono. Mkono mdogo, kipanya kinahama kwa mkatomkato, kinatulia, kinahama tena. Hauna papara. Miaka 17, watu wazima wamesema wewe ni mwizi, nchi nzima inakuangalia vidole, na kipanya hakitetemeki. Mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza kusajiliwa kwenye ligi kuu ya Overwatch, na Shanghai Dragons, timu iliyokuwa mbovu kiasi kwamba ilimaliza msimu ule imepoteza mechi zote 40. Hata heshima alipewa kwenye chombo kinachozama. Lakini alipewa.

Ya Gamergate sitayarefusha, yameandikwa sana. Agosti 2014 kundi la watu mtandaoni lilianza kumwandama mbunifu wa gemu Zoë Quinn kwa madai ya mpenzi wake wa zamani, likajipa jina la kutetea maadili ya uandishi wa habari, likawahamisha wanawake kadhaa majumbani kwao kwa vitisho. Anita Sarkeesian, aliyekuwa ametengeneza mfululizo wa video kuhusu hayo hayo niliyoyaeleza juu ya mabinti wa kuokolewa, mwaka huo alifuta mhadhara wake chuo kikuu cha jimbo la Utah. Kulikuwa na barua pepe ya kutishia mauaji ya halaiki, na sheria ya jimbo iliruhusu watu wenye kibali kuingia ukumbini na bunduki. Kosa lake lilikuwa kusema kwamba Peach anaokolewa mno. Dunia nzima ya gemu na mizinga yake ikatetemeka kwa video za mtandaoni.

Wanaochora nao wana yao. Riot Games, wenye League of Legends, walishtakiwa na wafanyakazi wao wanawake mwaka 2018 kwa ubaguzi na mishahara. Kampuni ilikuwa tayari kumaliza kesi kwa dola milioni 10. Mamlaka za California zikaingilia zikasema kiasi hicho ni kidogo mno. Mwaka 2021 wakakubali kulipa milioni 100. Mwaka huo huo California ikaishtaki Activision Blizzard, wenye hiyo Call of Duty ninayoichezea mimi, ikidai ofisi ziliendeshwa kama bweni la wavulana wa chuo. Kampuni ilikana. Desemba 2023 walipatana kwa takriban dola milioni 55 kwenye suala la mishahara na vyeo, na serikali ikaondoa madai yake ya unyanyasaji wa kingono. Sisemi kila anayechora bikini ana kesi. Nasema ukitaka kujua kwa nini Sheva alivalishwa alivyovalishwa, hesabu kwanza ni wanawake wangapi walikaa kwenye kikao kile.

Mambo yamebadilika? Ndiyo, na tuseme ukweli, sana. Lara Croft, shujaa wa Tomb Raider, wa mwaka 1996 na yule wa 2013 ni watu wawili. Wa pili aliandikwa na timu iliyoongozwa na mwandishi mwanamke, Rhianna Pratchett, na anaumia, anaogopa, anavuja damu, anavaa suruali. Aloy wa gemu ya Horizon anawinda mashine bila kuomba ruhusa ya mtu. Lakini zilipotolewa picha za gemu yake ya pili, wanaume wakakaa wakajadili mashavu yake yamenenepa na kwamba ana vinyweleo usoni. Vinyweleo! Waje saluni yoyote ya Kariakoo Jumamosi waone uso wa mwanamke unavyofanana. Na The Last of Us Part II ilipotoka mwaka 2020, Laura Bailey, aliyeigiza sauti ya mhusika mwenye misuli aitwaye Abby, alitumiwa vitisho vya kuuawa. Yeye alisoma tu mistari aliyopewa.

Sasa turudi huku kwetu, maana huku gemu ina sura yake. Banda la gemu la uswahilini lina televisheni tatu nne, benchi, feni inayopiga kelele, na gemu ya mpira. Jero kwa mechi, anayefungwa anatoka. Hakuna kibao kilichoandikwa wasichana wasiingie. Hakihitajiki. Ukisimama mlangoni wanakuuliza unamfuata nani, na ukisema umekuja kucheza, banda zima linageuka. Atakayepangwa na wewe tayari ana mzigo, kwa sababu akikufunga hajafanya kitu, na akifungwa atahama mtaa. Nimeona kijana anakataa mechi kabisa, anasema ataangalia kwanza. Kwa hiyo wasichana wengi wanacheza nyumbani, na ndiyo hapo pedi ya pili inapokuja.

Kenya wana Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, aliyeingia kwenye Tekken na mwaka 2018 akasajiliwa na timu ya kimataifa, mwanamke wa kwanza wa Kenya kufika hapo, huku akisomea sheria. Tekken inapiganwa mtu na mtu, mmeketi bega kwa bega. Hakuna kujificha nyuma ya jina lisilo na jinsia. Napenda kwamba alichagua hiyo.

Na mpira wenyewe, ule wa kwenye banda, uliingiza wanawake mara ya kwanza kwenye FIFA 16, mwaka 2015. Timu za taifa 12. Afrika, sifuri. Kiangazi kile kile Cameroon ya wanawake ilikuwa imefika hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia kule Kanada, lakini kwenye gemu hawapo. Leo klabu na ligi za wanawake zimo, na tangu toleo la mwaka 2023 unaweza kuchanganya wanawake na wanaume kwenye kikosi kimoja cha Ultimate Team, ile sehemu ya gemu unayojijengea timu kwa wachezaji unaowapata kwenye pakiti. Alexia Putellas, kiungo wa Hispania, alipewa alama 91 za uwezo, sawa na Mbappé, sawa na Haaland. Makelele yaliyofuata mnayakumbuka: eti angewezaje kumkaba van Dijk. Hao hao kwenye gemu hiyo hiyo wanachezesha marehemu na wastaafu wa miaka ya sabini, na hakuna anayeuliza Pelé angetoka wapi dakika ya 90.

Mpwa wangu ana miaka 14 na kiungo wake ni Putellas. Hakuna harakati yoyote, alimpata kwenye pakiti. Juzi alikuwa anacheza mtandaoni na mwenzake wa shule, sauti ya rafiki inatoka kwenye spika, mimi nakunja nguo.

"Mwanangu, toa huyo mama weka mtu."

"Mtu ndiye huyo."

Dakika ya 30 akapiga pasi katikati ya mabeki wawili, bao. Rafiki akacheka, akasema bahati. Dakika ya 70 na kitu ikawa tatu moja, na Putellas alikuwa amefunga moja na kutoa mbili. Kukawa kimya kwenye spika muda mrefu. Kisha yule rafiki akasema intaneti ya kwenu mbovu, tuache, haichezeki.

Bando nilinunua mimi asubuhi ile, na halikuwa na tatizo lolote.